Darasa la Kiingereza cha utambuzi wa maradhi, Chake Chake: tathmini ya mwanafunzi wake

Darasa ninaloliandikia tathmini hii hufundishwa jioni katika chumba cha kukodi mjini Chake Chake, na limekusudiwa matabibu, wauguzi, wakunga, mafundi wa maabara na wanafunzi wa fani za afya wanaotaka Kiingereza chao cha kazini kiwe sahihi. Halina bango barabarani. Watu hulijua kwa kuambizana katika vituo vya afya na wodini. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, kitini kikiwa ndani ya bei hiyo, na mada yake ni moja tu: namna Kiingereza kinavyosema habari za kutambua maradhi, tangu mgonjwa anapoeleza kinachomsumbua hadi jina la maradhi linapoandikwa katika barua ya rufaa. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya cha kaskazini ya Pemba, nimelisoma darasa hili muhula mzima, na naona ni vyema maoni yangu yajulikane mapema: ni darasa zuri, fedha inayolipwa inastahili, na kasoro zake, ambazo nitazieleza kwa urefu, zinarekebishika.

Wapo watakaouliza haja ya darasa la namna hii iko wapi, ilhali sote tuliosomea afya tumefundishwa kwa Kiingereza tangu skuli ya sekondari, na huko vyuoni vitabu, fomu na mitihani yetu vilikuwa katika lugha hiyo hiyo. Swali hilo ni la haki. Jawabu ni kwamba Kiingereza tulichotoka nacho chuoni ni Kiingereza cha majina: tunayajua majina ya maradhi, ya dawa, ya viungo na ya vijidudu, na mengi tunayataja bila kusita. Kinachopwaya ni maneno madogo yanayoyashika majina hayo, yaani vitenzi, vihusishi na vivumishi ambavyo mwenye lugha huviweka pamoja bila kufikiri, na ambavyo hakuna mtihani uliotuuliza. Ndani ya kituo upungufu huo hauonekani, kwa sababu baina yetu tunaelewana. Huonekana karatasi inapotoka nje. Hapa Pemba mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ambako huweza kukutana na madaktari kutoka China, nchi ambayo imekuwa ikileta timu zake za madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964. Au huvuka bahari kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, na pengine kuendelea hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Mgeni aliyeugua hotelini naye hutaka ripoti ambayo kampuni yake ya bima itaisoma neno kwa neno kabla ya kulipa. Katika hali zote hizo anayesoma barua hamjui aliyeiandika wala hana namna ya kumuuliza alikusudia nini, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kumsaidia, ama kwa kuwa ni hoi, ama kwa kuwa hakuelezwa.

Njia ya kufundishia ilinivutia tangu somo la kwanza. Maalim wetu hakuanza na sarufi. Aliandika neno "piga" ubaoni, akatutaka tutaje yanayofuatana nalo: simu, pasi, picha, mswaki, deki, miayo, hodi. Kisha akauliza: mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nimefanya hodi", tutamsahihisha kwa kanuni gani? Hakuna aliyekuwa na kanuni. Hodi hupigwa kwa sababu ndivyo wasemavyo wenyewe, na anayetaka kuisema sawasawa hana budi kuyachukua maneno yote mawili kwa pamoja. Kuanzia hapo kila neno la Kiingereza lilifundishwa pamoja na wenzake, na sikumbuki jina la maradhi hata moja lililoandikwa ubaoni likiwa peke yake.

Tulianza na "diagnosis" yenyewe, yaani utambuzi wa maradhi. Kwa Kiingereza daktari "makes a diagnosis". Neno "do" halikai hapo. Akichukua muda, akapima hiki na kile mpaka akafika, husemwa kwamba "reached" au "arrived at a diagnosis". Kipimo kikishatia muhuri, utambuzi huo ni "confirmed". Ukichelewa ni "delayed", ukipita bila kuonekana ni "missed", na yakitajwa maradhi mengine kabisa ni "misdiagnosis". Tofauti baina ya haya matatu ya mwisho ni ya kazi hasa: katika kikao cha kupitia kifo cha mama kutokana na uzazi, kwa mfano, kuchelewa kunatupeleka kuuliza habari za usafiri na foleni, na kupitwa kunatupeleka kuuliza nani alimpima na kwa kifaa gani, wakati utambuzi wa makosa unatuuliza habari za mafunzo na za dawa alizopewa. Anayeandika neno moja badala ya jingine anakipeleka kikao chote mahali pasipo.

Somo ambalo ningependa lifundishwe katika kila chuo cha afya nchini ni lile la kihusishi kinachofuata kitenzi hicho. Kiingereza husema mgonjwa "was diagnosed with diabetes", yaani amekutwa na maradhi ya sukari. Katika barua zetu huonekana "diagnosed of", "diagnosed for", na zaidi ya zote "diagnosed by". Maalim alitufunulia chanzo cha hili la mwisho: sisi husema "amekutwa na sukari", na "na" hiyo ndiyo hiyo hiyo ya "ameumwa na nyoka" na ya "amepimwa na daktari", kwa hiyo mkono unapohamia Kiingereza huandika "by" bila kuuliza. Kwa maneno mengine, barua inayosema "diagnosed by malaria" imeyafanya malaria kuwa daktari. Msomaji ataelewa kwa kubahatisha, lakini barua yenye kubahatisha kwingi humpunguzia imani na yale yaliyoandikwa sawasawa, na hapo mwenye hasara ni mgonjwa. Mafundi wa maabara waliongeza lao, "tested positive for", yaani kipimo chake cha maradhi fulani kimetoka chanya, ambalo huchukua "for" siku zote, na ambalo kwa miaka mingi nimeliona likiandikwa kwa kila kihusishi isipokuwa hicho.

Maneno ya kueleza malalamiko ya mgonjwa yalipita haraka, na sikuona ubaya, kwa kuwa mengi tunayatumia kila siku: mgonjwa "complains of" maumivu, "presents with" homa na kutapika, "has a history of" pumu, sisi nasi "take a history", "take a blood sample" na "order a test". Palipostahili kusimama, maalim alisimama, nako ni kwenye neno "denies". Desturi ya barua za Kiingereza ni kuandika kwamba mgonjwa "denies chest pain", kwa maana kwamba aliulizwa kuhusu maumivu ya kifua akasema hana. Wengi darasani walikuwa wakiliandika kwa mazoea na wengine walikuwa wakiliogopa, kwa kuwa linasikika kama mtu anayeshukiwa kusema uongo. Maalim alitueleza kwamba hata huko kwenye asili ya desturi hiyo wapo madaktari wanaoipinga siku hizi, kwa sababu hiyo hiyo ya heshima ya mgonjwa, na akatupa mbadala ulio wazi, "reports no chest pain". Nimeuchukua huo, na nawashauri wenzangu wauchukue.

Sehemu iliyonifanya niliheshimu darasa hili, na ambayo peke yake ingetosha kunifanya nilipe ada tena, ni ile ya maneno yanayobeba kiwango cha uhakika. Katika kazi yetu jina la maradhi huandikwa mara nyingi kabla ya kujulikana hakika yake, na Kiingereza kina ngazi nzima ya vivumishi kwa ajili hiyo. Chini kabisa kuna "suspected", shaka tu. Juu yake kuna "provisional" na "working diagnosis", yaani utambuzi wa muda unaotuwezesha kuanza kazi huku tukisubiri. "Probable" inataka dalili na mazingira yaelekee upande mmoja. "Confirmed" inataka ushahidi wa kipimo. Kando ya ngazi hiyo ipo "differential diagnosis", ambayo ni orodha ya maradhi yote yanayoweza kuwa sababu. Na maalim alisisitiza kwamba orodha ya maradhi matatu ni ishara ya tabibu anayefikiri, hivyo hakuna sababu ya kuificha kwa kuandika moja tu ili barua ionekane ya mtu mwenye uhakika.

Mifano miwili iliyotumika hapa ilikuwa mizuri kwa sababu ilitoka kazini. Wa kwanza ni kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya istilahi zake mwaka 2013 liliacha kumwita mtu "TB suspect", yaani mshukiwa wa kifua kikuu, neno linalonuka polisi, likaweka "presumptive TB". Na wagonjwa likawagawa baina ya "bacteriologically confirmed", ambao kimelea kimeonekana au kimegunduliwa katika sampuli kama makohozi, na "clinically diagnosed", ambao daktari ameamua watibiwe kwa dalili na picha ya kifua ingawa kipimo hakikuthibitisha. Wote wawili wataanza dawa. Lakini anayempokea huyu wa pili, miezi miwili baadaye, akimkuta hajapata nafuu, ana kila sababu ya kujiuliza kama ni kifua kikuu kweli, na kwa huyu wa kwanza swali lake litakuwa jingine: je, kimelea kimekuwa sugu kwa dawa? Neno moja kwenye barua ndilo linalomwelekeza aanzie wapi.

Mfano wa pili ni malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na Zanzibar, ambako malaria yamepungua sana kulinganisha na miaka ya wazazi wetu, homa nyingi tunazoziona hazitokani nayo. Hata hivyo ulimi wetu haujabadilika kwa kasi hiyo. Mtu akiwa na homa bado husema "nina malaria", na baadhi ya barua hufuata ulimi wa mgonjwa. Hapa maalim alitupa jambo la kitaalamu ambalo fundi mmoja wa maabara alilithibitisha papo hapo: kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kwa hiyo "tested positive for malaria" na "has malaria" ni kauli mbili mbalimbali, na mwandishi mwangalifu huandika ile ya kwanza, pamoja na tarehe ya kipimo na ya dawa za mwisho, akamwachia anayepokea uamuzi.

Kisha likaja "rule out", ambalo naliona ndilo la hatari kuliko yote tuliyosoma. Maana yake ya msingi ni kuyaondoa maradhi fulani katika orodha baada ya kuhakikisha kwamba siyo. Barua ikisema "TB was ruled out", kazi imekwisha. Lakini ipo desturi, hasa katika maandishi ya Kimarekani, ya kuandika "rule out TB" au ufupisho wake R/O mahali pa jina la maradhi, kwa maana kwamba kifua kikuu kinashukiwa na bado hakijapimwa. Karatasi hiyo hiyo, mbele ya msomaji mwenye haraka au aliyefundishwa kwingine, inaweza kusomwa kwamba kifua kikuu kimekwisha kuondolewa. Hakuna kivumishi kitakachoondoa utata huo, na maalim hakujaribu kuutetea. Alitutaka tuuache ufupisho huo moja kwa moja, tuandike sentensi tatu fupi: kinachoshukiwa, sampuli iliyochukuliwa na tarehe yake, na kama jibu limetoka au bado, ambako neno lake ni "pending". Tulizifanyia zoezi kwa kalamu, kila mmoja na karatasi yake, na maalim akapita meza kwa meza akizisoma kwa sauti ya chini na kumuuliza mwandishi: "Mimi ni daktari wa zamu, ni saa nane za usiku, sikujui. Umeniambia nimpime au umeniambia nisimpime?" Aliyeshindwa kujibu kutokana na karatasi yake mwenyewe aliandika upya.

Ripoti za picha za eksirei na altrasaundi zilipewa jioni nzima, na zilistahili. Kitini kina ripoti moja ya picha ya kifua, imefutwa jina, yenye mistari minane. Moyo umeelezwa kuwa "unremarkable". Chini yake kuna kivuli katika sehemu ya juu ya pafu la kulia ambacho ni "suggestive of" kifua kikuu, kisha sentensi inayosema kwamba uvimbe "cannot be excluded", na mwisho ushauri wa "clinical correlation", yaani picha ilinganishwe na hali ya mgonjwa mwenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walilichukulia neno la moyo kuwa kashfa, kana kwamba moyo wa mgonjwa hauna thamani ya kutajwa, kumbe ni habari njema: hakuna kasoro iliyoonekana. Kisha tulizipanga kauli za ripoti kwa nguvu zake. "Consistent with" ina maana kwamba kinachoonekana kinapatana na maradhi hayo, ingawa kinaweza kupatana na mengine pia. "Suggestive of" inaelekeza kidole upande wa maradhi hayo bila kuyathibitisha. "Diagnostic of" inafunga mjadala, na ndiyo maana huonekana kwa nadra. Na "cannot be excluded" haisemi kwamba kitu kipo. Inasema kwamba picha hii haikuweza kutuhakikishia kwamba hakipo. Nimeshuhudia, mahali ambapo sitapataja, familia ikilia msiba kwa ajili ya kauli hiyo, baada ya mtu aliyewasomea ripoti kuwatafsiria kwamba mzee wao ana saratani. Vipimo vilivyofuata vilionesha hana. Kwa hivyo ninaposema kwamba jioni ile ilikuwa na thamani, ninayo picha halisi ya gharama ya kutoijua.

Hapo ndipo darasa hili linapoyapita madarasa mengine ya Kiingereza niliyoyaona, kwa kuwa halikuishia kwenye Kiingereza. Kila kundi la maneno lilimalizikia kwa zoezi la kulirudisha kwa mgonjwa katika Kiswahili, bila kupoteza kiwango cha uhakika njiani. Maalim alilitetea zoezi hilo kwa ripoti ya mwaka 2015 ya akademia za taifa za sayansi, uhandisi na tiba za Marekani, ambayo katika kueleza kosa la utambuzi ilihesabu mambo mawili: kushindwa kupata maelezo sahihi ya tatizo la mgonjwa kwa wakati, na kushindwa kumfikishia mgonjwa maelezo hayo. Kwa hesabu hiyo, tabibu aliyepatia kila kitu kwenye karatasi na mgonjwa akatoka bila kujua anaumwa nini, amekosea utambuzi. Mimi naikubali hesabu hiyo kwa moyo wote.

Zoezi moja litatosha kuonesha lilivyofanyika. Maalim alijifanya bibi wa kutoka Micheweni aliyepimwa damu asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikatoka juu kidogo ya 7.0, ambacho ndicho kiwango kinachotumika, kwa milimoli kwa lita, kuitambua sukari kwa mtu aliyefunga kula. Bibi huyo hakuwa na dalili yoyote; alikuja kwa ajili ya goti. Muuguzi kijana aliyepangiwa zamu alimwambia, "Bibi, una sukari." Maalim akamsimamisha, akauliza darasa neno gani la ile ngazi limetumika. Ni "confirmed", tukasema, nalo halijafikiwa, kwa kuwa mtu asiye na dalili hutakiwa kupimwa tena kabla ya kuhukumiwa kwa jina hilo. Kijana akaanza upya: "Bibi yangu, kipimo cha leo kimeonesha sukari imepanda. Kipimo kimoja hakitoshi kusema kwamba ni maradhi ya sukari. Nakuomba uje kesho kutwa asubuhi, usile kitu tangu usiku, tupime tena. Kikitoka juu na siku hiyo, hapo tutasema ndiyo, na nitakaa nawe nikueleze dawa na chakula." Bibi akauliza, "Kwa hiyo leo nimwambie nini mwanangu akinipigia simu?" Akajibiwa, "Mwambie kuna shaka ya sukari, haijathibitishwa, na unarudi kupimwa." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoigeuza kuwa Kiingereza kwa ajili ya daftari lake, na ilikuja kwa wepesi, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kujua tunachotaka kusema.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba darasa linafundisha jicho na kalamu, likasahau sikio. Hatukusikiliza hata sauti moja iliyorekodiwa. "Diagnose", "diagnosis" na wingi wake "diagnoses" huandikwa kwa kukaribiana na hutamkwa kwa namna tatu, na mtu asiyezizoea atazichanganya. Muhimu zaidi, makabidhiano mengi ya wagonjwa hufanyika kwa simu, tabibu wa kituoni akiwa anazungumza na daktari ambaye Kiingereza ni lugha ya kigeni kwao wote wawili, kila mmoja na lafudhi yake, na gari la wagonjwa liko njiani. Somo la kusema kwa simu, kwa sentensi fupi na kwa mpangilio, ni nani, anaumwa nini, tunashuku nini, tumempa nini, lingekuwa na faida kuliko masomo mawili ya mwisho ya kitini, ambayo yalihusu misemo ya mazungumzo ya kawaida kuhusu mafua na ambayo sioni yatatusaidia wapi.

Kasoro ya pili iko katika kitini chenyewe. Mbali na kwamba nakala zake zimefifia kiasi kwamba kurasa kadhaa husomeka kwa kukisia, mifano yake mingi imetoka nchi za baridi. Kuna mzio wa chavua, maradhi ya kupe wa misituni, na hata vidole vilivyoungua kwa theluji. Kichocho hakimo. Seli mundu haimo. Kifafa cha mimba kimetajwa mara moja tu, katika orodha. Hili ni jambo la kushangaza kwa darasa la Chake Chake, mwendo mfupi kutoka Wawi, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2000, na ambako maradhi ya minyoo na kichocho yamechunguzwa kwa miaka mingi. Mtoto wa skuli anayekojoa damu ni mgonjwa tunayemjua sote, na lugha ya kumwandika ni rahisi kupangwa: "passing blood in the urine", "a urine sample was taken", "eggs were seen on microscopy", yaani mayai ya kichocho yameonekana kwa hadubini, na hapo ndipo "confirmed". Waandaaji wangekaa na fundi wa maabara na mkunga mmoja, mifano ya namna hiyo ingejaza kitini chote.

Tahajia nayo inayumba, ukurasa mmoja wa Kiingereza cha Uingereza na ukurasa unaofuata wa Kimarekani, na ingawa zote mbili ni sahihi, mwanafunzi anastahili kuambiwa ashike mojawapo. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ambao mtu hodari wa kukariri ataufaulu bila kuweza kuandika barua. Viwango vya wanafunzi vimechanganywa kupita kiasi: afisa tabibu wa miaka mingi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawawezi kwenda mwendo mmoja, na mara nyingi aliyebaki nyuma ni fundi wa maabara, ambaye Kiingereza chake ni cha matokeo na hakuzoea kuandika maelezo marefu. Muda wa kumaliza, karibu kabisa na Magharibi, unawafaa wakaazi wa mjini. Wanaotoka Wete, Konde na Micheweni huswali kwa haraka na kukimbilia gari ya mwisho, na wengine waliacha darasa kwa sababu hiyo pekee. Nililieleza jambo hili kwa waandaaji na nilisikilizwa kwa adabu, lakini ratiba ya muhula unaofuata niliyooneshwa haijabadilika.

Kuhusu njia nyingine zilizopo, nitasema kwa ufupi. Programu za simu za kujifunzia Kiingereza zinafundisha kuagiza chakula na kuuliza njia, na sikuona hata moja inayokaribia mahitaji yetu. Video za bure kwenye intaneti za Kiingereza cha tiba ni nyingi, na kwa matamshi ningezipendekeza ziende sambamba na darasa hili mpaka upungufu wa kusikiliza utakapozibwa. Ila hakuna video itakayosoma barua yako na kukuuliza umekusudia nini.

Kwa hiyo namshauri ajiunge kila afisa tabibu na muuguzi anayeandika rufaa kwa mkono wake mwenyewe, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asubiri kidogo, kwa kuwa mengi yatampita kabla hajamwona mgonjwa. Fundi wa maabara ajiunge, lakini aombe mapema apewe mazoezi ya ripoti badala ya barua. Maalim hukubali akiombwa. Ada hulipwa mwanzoni mwa mwezi na stakabadhi hutolewa. Na anayekwenda siku ya kwanza achukue barua mbili tatu za rufaa alizowahi kuandika, azinakili upya akiwa ameondoa jina, umri na shehia ya mgonjwa, kwa sababu maalim huzipokea, huzisahihisha kwa kalamu nyekundu mbele ya mwenyewe peke yake, na huduma hiyo haimo katika tangazo lao lolote.